Mitambo ya Ubungo imenyamaza

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata Alhamisi, nikaisoma barazani mara mbili. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, anauliza lini utakuja kula samaki.

Habari ya kuzimwa mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam, nimeisikia, na imeniuma. Siku zile nikishuka basi la Tanga pale stendi ya mikoani kabla hakujapambazuka, mngurumo wake ndio ulionipokea. Hewa juu ya mabomba ikitetemeka kwa joto. Wewe ndio unatoka zamu mitamboni, masikio bado yameziba, tunakunywa chai ya tangawizi huku unaongea kwa kupaza sauti kama uko ndani bado.

Wengi hudhani mitambo ile ilianza na gesi. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba miaka ya 1990 ilikuwa ikinyweshwa mafuta ya ndege, na bei yake unaijua. Salim, gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa 1974! Miaka 30 tumeikalia, tunanunua mafuta ya watu. Mpaka 2004 ndipo bomba lilipofika, kilomita 25 chini ya bahari hadi pwani ya Somanga Funga, kisha zaidi ya 200 nchi kavu hadi Dar. Mitambo 6, takriban megawati 180. Kuchelewa kule kunaniuma kuliko hata kuzimwa kwenyewe.

Maana 2006 naikumbuka vizuri. Maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipungua mno, mgao wa umeme ukatushika kutwa nzima. Fundi cherehani wa jirani, mwenye mashine ya umeme, alikuwa akishona usiku wa manane kwa kuwa ndiyo saa umeme uliporudi. Bila gesi ile hata hiyo saa ya usiku asingeipata.

Mkataba wa miaka 20 wa Songas, kampuni yenye mitambo ile, na TANESCO, shirika la umeme, ukaisha Oktoba 2024, mitambo ikazimwa. Gesi ya Songo Songo ingalipo. Najua sasa tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, na nalifurahia kwa moyo wote. Ila maji ni maji, hutegemea mvua, nami ningependa mitambo ya gesi ikae tayari kwa mwaka wa ukame. Hapa kwetu kituo cha umeme wa maji cha Hale kilianza 1964, nasi watu wa Mto Pangani tunajua mto ukipungua inakuwaje.

Sasa nina ombi. Lile daftari lako la zamu, lenye madoa ya grisi, ulilokuwa ukiandika joto la kila mtambo saa kwa saa, usilitupe wala usimpe mtoto achorechore. Fadhili wangu yuko chuo cha ufundi. Amesoma kwamba hewa hukandamizwa, gesi ikawashwa ndani yake, moto ukasukuma mapanga yanayozungusha jenereta; lakini anataka kujua mtu alijuaje kwa sikio tu kwamba mtambo una kasoro. Hilo mwalimu wake hakuweza kumjibu.

Njoo nalo Idi hii. Chumba cha uani nimekisafisha.

Ndugu yako,
Hamza