"Mama asijibu"

Anti, shikamoo. Ni saa tisa usiku, unga wa vitumbua umeshaumuka na usingizi sijauona.

Binti yangu yuko kitengo, yale madarasa ya wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya kawaida, na wewe vitengo unavijua. Ana miaka 19, mtihani wa darasa la saba hakufanya, lakini vikapu anafuma. Juzi mwalimu kaniita, kamkalisha binti katikati yetu, kamuuliza yeye: ukitoka hapa unataka kufanya nini? Nikataka kujibu kama siku zote, maana nani mwingine humsemea? Binti akasema, "Mama asijibu." Mbele ya walimu! Mimi niliyembeba mgongoni wakati wenzake wanakimbia.

Anataka Sabasaba, Singida, kile chuo cha watu wenye ulemavu, akajifunze cherehani na kulala bwenini. Mwalimu kafurahi utadhani kafaulu yeye. Eti ni mtu mzima, eti kuna sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010, eti na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao Tanzania iliuridhia 2009. Sawa. Sheria ndiyo itamkumbusha kubadili pedi?

Mimi si wa kuficha mtoto ndani. Ukoo mzima ulisema shule atapoteza muda, nikampeleka. Gengeni nakaa naye, msimbazi, ile noti ya elfu kumi, anaujua kwa wekundu wake, ila chenji humshinda. Huko nani atamhesabia? Na wanaume, Anti? Baba yake anasema aende, lakini yeye si anapiga simu tu toka Dar?

Singida si mbali na hapa Dodoma, najua. Nimeomba miaka yote Mungu amfungue mdomo aseme anachotaka. Ndiyo aanze na "Mama asijibu"?

Fomu ina sehemu ya mzazi, inatakiwa Ijumaa. Nikisaini akadhurika, watasema nilichoka naye. Nisiposaini watasema namng'ang'ania anisaidie biashara, na si kweli, ingawa asipokuwepo sijui asubuhi moto atawasha nani. Nikimwambia nafasi zimejaa, itakuwa dhambi? Ananiamini kwa kila kitu, hataniuliza mara mbili. Au nimwambie asubiri mwaka mmoja, akue kidogo?

Yeye kalala fofofo, begi keshapanga.

Nishauri, ila usiniambie nimwache aamue mwenyewe. Hilo mwalimu keshasema.

Mama wa kitengo, Dodoma