Barua kutoka Bahi, kuhusu lile gari

Bahi, Jumapili jioni

Mama Neema, shoga yangu,

Barua yako ya kuuliza kuhusu kununua gari la haibridi, lile la injini ya petroli na mota ya umeme, imenifika Ijumaa, imekunjwa ndani ya mfuko wa karanga, na nusu ya karanga zenyewe yule mpwa wako alishazitafuna njiani. Sisi hatujambo. Baba Tumaini analalamika mgongo kama kawaida yake ya msimu wa kulima, na majaruba yameanza kushika maji.

Hongera ya uhamisho, na pole papo hapo. Kulala Kibaigwa na kufanya kazi Dodoma mjini si mchezo. Najua ninachosema, maana huu ni mwaka wa tano nalala Bahi na kufanya kazi Mtumba. Watu wananiuliza kwa nini nisihamie tu mjini. Nyumba iko hapa, mume anafundisha hapa, mashamba yako hapa, na tangu serikali ihamie Dodoma, kodi ya nyumba huko naogopa hata kuiulizia. Basi kila siku ya kazi natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kigwe, Nala, mjini, mpaka Mji wa Serikali pale Mtumba, kilomita kama 75, na jioni zilezile kurudi. Nyuma wanakaa majirani wawili tunaochangiana mafuta, na wote wanakoroma kabla hatujafika Kigwe.

Kuna jambo moja nakuonea wivu mapema. Mimi asubuhi naelekea mashariki na jioni narudi magharibi, kwa hiyo jua linanipiga usoni kwenda na kurudi. Wewe utakuwa unaliacha mgongoni mara zote mbili. Macho yangu yameisha kwa barabara hii, gari halijaisha.

Sasa swali lako, ulilolipigia mistari miwili: betri ikifa je? Naona shemeji ameshakutisha kwamba haibridi ni gari la kufurahia mwaka mmoja halafu unalifugia kuku. Ngoja nikusimulie ya kwangu.

Hii haibridi yangu, Toyota Prius, ni ya mwaka 2011. Nilipoipokea kutoka bandarini ilikuwa imetembea kilomita 98,000. Leo dashibodi inasoma 287,000. Ile Noah yetu ya zamani ilikuwa inakwenda kilomita 9 kwa lita. Hii inanipa 20, mara nyingine 21 nisipokimbia. Kwa safari yangu ya kilomita 150 kwa siku, Noah ilikuwa inataka lita karibu 17, hii haifiki 8. Wewe mwenyewe unajua Jumatano ya kwanza ya kila mwezi tunavyosubiri EWURA, wadhibiti wa nishati, watangaze bei mpya za mafuta. Ukipiga kwa shilingi 3,000 kwa lita, siku 22 za kazi, ninachookoa ni zaidi ya laki sita kwa mwezi. Hiyo ndiyo iliyoezeka jiko.

Ila nisikudanganye, magari haya yanang'ara zaidi mjini kuliko barabara kuu. Ukiwa kwenye foleni au unapanda matuta, kila ukishika breki mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye lami ndefu ya Nala, ukienda mwendo mmoja, hakuna cha kurudisha. Huko unabebwa na injini yenyewe, ambayo imetengenezwa kwa ubahili tangu kiwandani. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Dar anajisifu kilomita 25 kwa lita, usije ukanidai mimi.

Haya, betri. Ilikuwa Oktoba ya mwaka juzi, lile joto ambalo hata mibuyu inaonekana imechoka. Narudi jioni, nakaribia Kigwe, dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu. Nyuma feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga, na injini haizimi tena hata nikisimama. Kesho yake nikalipeleka gereji moja mjini. Jamaa hakufungua kitu, alichomeka kompyuta, akaniambia: betri imekufa, tafuta milioni nne. Nilikaa ndani ya gari nikalia, sikufichi. Nikamkumbuka na shemeji.

Jirani ndiye aliyenipeleka kwa kijana mmoja kule Majengo. Nikapewa kigoda, nikakaa nitazame. Akavaa glavu nene za mpira, akachomoa plagi ya usalama ya betri, halafu akaniambia tusubiri dakika kumi kabla hajagusa waya wowote wa rangi ya chungwa, ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe, maana betri ile ni ya volti 200 na ushei. Kipindi hicho akanywa chai. Kisha akafungua sakafu ya buti na kuchomoa feni ya kupoozea betri. Akaikung'uta juu ya gazeti. Shoga yangu! Pumba. Pumba za mpunga, manyoya ya paka, na karatasi ya pipi. Akaniangalia: "Mama, hili ni gari au mashine ya kukoboa?"

Kosa lilikuwa langu. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna kidirisha kidogo chenye vipenyo, nilidhani ni pambo. Kumbe betri inavuta hewa ya kujipooza kupitia pale. Mimi kila mwisho wa wiki nilikuwa nabebesha kiti cha nyuma magunia ya mchele, kidirisha kimezibwa, na kinachoingia ni vumbi na makapi. Betri ilikuwa inachemka bila mtu kujua.

Betri ile si kitu kimoja kizima. Ni moduli 28, yaani mafungu ya seli sita sita, zimepangwa kama mikate kwenye kasha, kila moja ya volti 7.2. Kijana akazipima mojamoja, akiandika kwa chaki kwenye sakafu. Ishirini na sita zilikuwa karibu volti 8, mbili zimeshuka hadi 6. Akazitoa hizo mbili, akaweka nyingine zilizotoka kwenye gari la ajali, baada ya kuchagua zinazolingana na wenzao. Akasugua vibati vya shaba vilivyoota kutu ya kijani, akaosha feni, akafunga. Laki tatu na nusu kazi yote. Alikuwa mkweli, aliniambia: "Umenunua muda, hujanunua betri." Muda wenyewe mpaka leo ni kilomita 46,000.

Kwa hiyo mimi nimeacha kuiogopa betri. Gari lenyewe linailinda, haliiachi ijae kabisa wala iishe kabisa, linacheza katikati. Na kuna jarida la Marekani, Consumer Reports, ambalo mwaka 2011 lilipima Prius ya 2002 iliyokuwa na maili karibu 208,000, yaani kilomita zaidi ya 330,000, kwa betri yake ileile ya kiwandani. Ulaji wake wa mafuta ulikuwa karibu sawa na ule wa gari jipya walilolipima miaka kumi nyuma. Mwambie shemeji hilo, halafu umwangalie usoni.

Tena kuna vitu havifi kwa sababu havipo. Hii yangu haina stata, haina alteneta, haina mkanda wa mbele wa injini, na gia zake hazina klachi ya kuungua. Pedi za breki za mbele nimebadilisha mara moja tu, kwenye kilomita 210,000. Injini inawashwa mara moja alfajiri, inapata moto wake, inatembea. Kilomita za kwenda moja kwa moja hazilichoshi gari kama zile za kuwasha na kuzima kwenda sokoni.

Kinachokufa ni vile vya kawaida kabisa. Shokapu zote nne, bushi, beringi mbili za magurudumu, kioo cha mbele kilichopigwa jiwe na lori la mizigo ya Kongo, na matairi, niko seti ya tano. Betri ndogo ya volti 12 nayo ikichoka gari halikubali kuwaka, halafu watu wanapiga kelele haibridi imekufa kumbe ni ya laki na kitu.

Mahali pa kuogopa kwa gari la rika la hili langu ni injini. Kwenye mfumo wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, masizi yanajaa, joto linapanda, na mwisho gasketi ya silinda hedi inakatika. Dalili yake ni injini kutetemeka asubuhi ikiwashwa, kama mtu mwenye homa, na kulanti, yale maji ya kupoozea, kupungua bila kuvuja chini. Mimi naisafishisha EGR kila kilomita 80,000, namwaga oili kila 5,000 bila kusubiri mshahara, na naangalia matangi yote mawili ya kulanti, la injini na la inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota. Hilo la inveta wengi hawajui kama lipo.

Ukienda kulitazama gari lako usiogope namba kubwa kwenye dashibodi, ogopa ndogo isiyofanana na usukani uliolika na kiti kilichobonyea. Liwashe asubuhi likiwa limelala baridi, usikubali wakulipashie kabla hujafika. Kisha funua kile kidirisha cha nyuma umulike na tochi ya simu. Huko kwenu sokoni vumbi la mahindi linaingia hata kwenye chai, kwa hiyo feni hiyo utaisafisha mara mbili kwa mwaka, ukipenda usipende.

Msalimie Baba Neema na bibi. Neema mwambie ile sketi nimeipata, inangoja kupunguzwa. Mchele nimekupimia kilo 15, nitaupitisha stendi Jumamosi. Nimeuweka kwenye buti.

Wako,
Mama Tumaini