Barua ya wazi kwa Afisa Biashara: Naomba gari langu litoke gereji

Mheshimiwa Afisa Biashara,

Shikamoo. Mimi ni mama mchuuzi wa dagaa hapa Kigoma. Nilikuletea malalamiko yangu ofisini, ukaniahidi kwamba ndani ya wiki moja utafika gereji ile. Wiki hiyo imepita, na nyingine mbili juu yake. Nisingekuandikia hadharani kama si yaliyonikuta jana.

Pikapu yangu niliipeleka klachi ikiteleza. Tulikubaliana na fundi shilingi 380,000, spea na ufundi, siku nne. Nikatanguliza 200,000. Jana ilitimia siku ya 47. Katikati akafungua gia boksi bila kunipigia hata simu, akaandika 450,000. Akapaka rangi bampa ambayo sikuilalamikia, 90,000. Jana nimekwenda na 180,000 zilizobaki, naambiwa kuna na pesa ya kulaza gari, 5,000 kwa siku, jumla 235,000. Mheshimiwa, gari limelala kwake kwa kuwa yeye hajalimaliza! Uchelewaji wake naulipiaje mimi?

Nimeomba nioneshwe klachi pleti ya zamani, haipo. Nimeomba risiti ya mashine, nikapewa kikaratasi cha daftari. Nahisi spea nilizolipia zimefungwa kwenye gari la mtu mwingine.

Giza zima la kuvua dagaa limenipita hivyo. Unajua dagaa wetu huvuliwa kwa taa, usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inatulia. Siku hizo za giza ndizo zinazolisha nyumba. Nimesimama mwaloni Kibirizi nikiangalia wenzangu wanapakia kwenda Kasulu, mimi nakodi gari kwa bei iliyomeza faida yote. Kwenye kikoba nimekosa marejesho mara mbili. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua miezi mitatu tulivumilia, maana tulielezwa kwamba samaki wapate kuzaliana. Hili la gereji nani amenieleza?

Siku ile ulinitajia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ukasema inamlinda mlaji. Mlaji ndiye mimi.

Sikatai deni langu. Hizo 180,000 zipo, nimezifunga kwenye pindo la kanga. Naomba uje gereji, usitume mtu, uje mwenyewe, tuisome ile bili mbele ya fundi, mstari kwa mstari. Giza jingine linaanza wiki ijayo. Naomba gari langu, Mheshimiwa. Gari langu tu.

Mama mchuuzi,
Kibirizi, Kigoma