Posho Yako Usiikatae

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi, unajua tena tabia za watu wa hesabu. Nimefurahi kusikia sura ya tatu imepita kwa msimamizi wako. Lakini hilo silo lililokufanya ujaze kurasa nne. Unataka kuchukua fomu ya kugombea uweka hazina katika serikali ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, nafasi yenyewe ina posho, na hiyo posho inakukosesha usingizi kuliko kazi. Umeniandikia: "Baba, wametangaza wanatafuta watu wa kujitolea, halafu wanalipa. Si bora nigombee nikisema wazi kwamba posho sitaigusa?"

Hapana, mama. Ichukue.

Najua ulichokiona kichwani. Umejiona umesimama mbele ya wenzako unasema hutaki hata senti, na ukumbi unapiga makofi. Makofi yatapigwa, sibishi. Ila mwakani atakuja mwingine mwenye mtoto mchanga na vipindi vya kufundisha mchana kutwa ili alipe pango, na ataulizwa kwa nini anadai malipo ya kazi ambayo mwenzake aliifanya bure. Atashindwa kujibu, ataondoka. Na wewe hutakuwepo kuona.

Jambo hili ni la zamani. Bologna, Italia, zama za kati, wanafunzi wa sheria ndio walioshika usukani wa chuo. Hawakuwa watoto wale. Wengi walikuwa watu wazima, baadhi tayari wana vyeo kanisani, kwa hiyo wanafanana zaidi na ninyi wa uzamivu kuliko na hao wa mwaka wa kwanza. Rekta, yaani kiongozi mkuu wa chuo, walimchagua miongoni mwao, na mwalimu akichelewa kuanza kipindi alitozwa faini. (Hilo usiliweke kwenye ilani yako, msimamizi wako atalisoma.) Lakini urekta ule ulikuwa mzigo. Aliyeupata alitakiwa kuishi kwa hadhi ya cheo, gharama zikamwelemea, mpaka ikafika wakati watu wakawa wanaukwepa. Sasa jiulize nani angebaki kuutaka. Ni yule ambaye nyumbani kwao fedha si tatizo, basi.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Sidhani kama nimewahi kukusimulia vizuri kwamba na mimi nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa uzamili. Hatukulipwa. Mwenyekiti wetu alitoka familia yenye uwezo, katibu alikuwa masomoni huku mwajiri wake akiendelea kumlipa mshahara, mimi nilikuwa na ufadhili uliotosha. Rafiki yetu mmoja aliyekuwa na kichwa cha uongozi kutuzidi sisi watatu tukijumlishwa alikuwa anafanya kazi usiku. Tulimfuata tukamwomba agombee. Akacheka, akauliza, "Nigombee kwa saa zipi?" Sisi tukadhani ni utani, na tukapita bila kupingwa, wote watatu, tukajisifu kwamba tunakubalika.

Mwaka huo tuliandaa kongamano la siku mbili. Fedha nilizitia kwenye bahasha ya kaki ndani ya droo, matumizi nikawa nayaandika kwenye daftari la kawaida la mistari. Siku ya pili asubuhi waya wa projekta ukagoma, kijana mmoja akaja mbio, nikampa fedha bila hati. Hajafika mlangoni akaingia mwingine, mtoa mada anataka nauli, nikatoa tena. Jioni nilipofungua daftari nikakuta mstari mmoja kwa mwandiko wangu mwenyewe: "waya, nauli n.k.", na jumla pembeni. Hiyo "n.k." ilikuwa kubwa kuliko waya na nauli kwa pamoja, na sikukumbuka ni nini.

Tulipofika kukabidhi ofisi, dada mmoja mpole kabisa akanyoosha mkono kwenye mkutano mkuu akauliza, "Samahani mweka hazina, n.k. ndiyo nini?" Nikasimama. Nikasema mimi nilijitolea, sikulipwa hata senti moja, nimeacha masomo yangu kwa ajili yenu, na leo naulizwa kama mwizi. Ukumbi ukanyamaza. Halafu wakaniomba radhi, mama. Wao wakaniomba radhi mimi! Yule dada akakaa chini akiwa ameinamisha kichwa, na swali lake halijajibiwa mpaka leo ninapokuandikia.

Tangu hapo nimekagua vitabu vya watu kwa miaka mingi, na kauli ile nimeisikia kwa sauti za kila aina, kwenye vikundi, kwenye kamati za hiari: "sisi tunajitolea tu." Wengi wanaoisema ni watu wema, na wema wao ndio unaoificha risiti iliyopotea, kwa sababu nani atambana mtu anayefanya kazi ya bure? Ukipokea posho kauli hiyo inakutoka mdomoni. Mwanafunzi yeyote anaweza kukusimamisha kwenye ngazi akakuuliza taarifa ya fedha ya muhula iko wapi, na huna pa kujificha. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kukwambia uichukue, hata kuliko ile ya mwenye mtoto mchanga.

Ila kabla ya kuichukua, ipigie hesabu. Muulize aliyekaa kwenye kiti hicho mwaka huu, si tume ya uchaguzi, kwamba kazi inakula saa ngapi kwa wiki. Tangazo likisema saa kumi, yeye atakwambia ukweli ambao tangazo haliujui: kwamba kuna wiki za saa tatu na kuna wiki, hasa bajeti inapopitishwa na masurufu, zile fedha zilizotolewa mapema kwa shughuli, yanaporejeshwa, ambazo hutagusa tasnifu kabisa. Chukua posho yote ya mwaka, igawe kwa saa za kweli, uone kilichobaki. Usishangae kikiwa chini ya unachopata kwa kusahihisha mitihani. Posho hizi mara nyingi haziko kwa ajili ya kukutajirisha. Zimewekwa ili ukiacha kibarua kimoja cha jioni kwa ajili ya uongozi usilale njaa.

Na kuna saa ambazo huwezi kuzigawa. Serikali ya wanafunzi wa ngazi yenu haishughuliki sana na matamasha na michezo. Mambo yake ni bima ya afya, fedha za kwenda kwenye makongamano, malezi ya watoto wa wanafunzi wenye familia, na migogoro na wasimamizi, ambayo ndiyo mizito. Mimi nilikuwa mweka hazina tu, lakini usiku mmoja alibisha hodi mwenzetu mmoja ameshika sura ya tasnifu yake, pembe za karatasi zimejikunja kwa kubebwa. Msimamizi alikuwa amekaa nayo miezi minane, kisha akairudisha bila alama hata moja ya kalamu. Hakutaka fedha, hakujua hata aje kwa nani. Alikuja kwangu kwa sababu taa yangu ilikuwa inawaka. Tuliongea mpaka usiku wa manane, na asubuhi sikuandika chochote. Ukiwa na cheo, taa yako itaonekana inawaka hata ukiizima.

Kwa hiyo zungumza na msimamizi wako kabla hujachukua fomu, asije akasikia kwenye kampeni. Usiende kuomba ruhusa kama mtoto wa shule. Nenda na kalenda. Mwonyeshe tarehe za sura ya nne na ya tano, na miezi ambayo utakuwa mzito. Wapo wasimamizi wanaoona uongozi ni uvivu uliopewa cheo, na huyo wako sijui ni wa namna gani, lakini akikubali kwa maandishi, hata ya barua pepe ya mistari miwili, umejilinda.

Halafu itoe barua yako ya ufadhili uisome tena, kile kifungu cha ajira. Ufadhili mwingine unakataza malipo mengine yoyote, mwingine unaruhusu kwa kikomo cha saa. Uliza kama hiyo posho inahesabiwa mshahara au msaada wa masomo, na kama inakatwa kodi. Wenzako waliotoka nchi nyingine wana lao pia. Marekani, kwa mfano, mwanafunzi mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi chuoni kwa wiki masomo yakiendelea. Kama tayari anafundisha kwa saa hizo zote, na posho ya uongozi ikahesabiwa ajira, ameshaingia matatani bila kujua. Mweka hazina ndiye anayesaini malipo, hivyo hutaweza kusema ni shauri lao.

Kitu kingine, na hapa nakuomba usinicheke. Ukishaingia, ipo siku mmoja wenu atapendekeza posho iongezwe. Huenda atakuwa na hoja nzuri, maana maisha yanapanda. Kubali ijadiliwe, ila ianze kwa watakaochaguliwa baada yenu. Marekani walihangaika na jambo hili hili. Mwaka 1789 mbunge James Madison alipendekeza katiba iseme kwamba mabadiliko ya mshahara wa wabunge yasianze kabla ya uchaguzi mwingine kupita. Pendekezo likakosa majimbo ya kutosha ya kuliidhinisha, likalala. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, Gregory Watson, akaandika insha ya darasani akisema pendekezo lile bado liko hai na linaweza kupitishwa. Akapewa C. Akaudhika, akaanza kuandikia barua wabunge wa majimbo, moja baada ya nyingine, na mwaka 1992 likawa badiliko la 27 la katiba yao. Alama yake nayo ilibadilishwa kuwa A, mwaka 2017. Naipenda habari hii kuliko ninavyopaswa kuipenda, labda kwa sababu na mimi nimepata C nyingi.

Usikae kwenye kiti zaidi ya kinavyostahili. Uingereza wameliweka kwenye sheria, Sheria ya Elimu ya mwaka 1994: nafasi ya kulipwa ya kuchaguliwa katika chama cha wanafunzi mtu asiishike zaidi ya miaka miwili kwa jumla katika chuo kimoja. Kwenu huenda hakuna kikomo, na kwa kuwa wagombea ni wachache, watakuomba uendelee. Watakwambia bila wewe ofisi itafungwa. Mwaka mmoja, mama. Tasnifu haina naibu wa kukukaimia.

Hayo ya kampeni siyajui siku hizi mnayafanyaje, fanya unavyoona. Kama utapita bila kupingwa, na huenda ikawa hivyo, usishangilie kama tulivyoshangilia sisi. Tafuta aliyetaka kugombea akashindwa kwa sababu ya saa, umuulize angefanya nini na fedha za chama. Huyo rafiki yangu wa kazi za usiku sikumuuliza kamwe.

Mama yako anakusalimu. Anasema usimsikilize baba yako kwenye habari za kutunza risiti, kwa sababu za nyumbani bado ziko kwenye bahasha ya kaki. Ni kweli. Nitumie hiyo katiba yenu na hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili iliyopita, kama zipo. Kama hazipo, niambie pia. Fomu mwisho wake lini?

Baba yako