Raundi ya gofu imalizike kabla ya jua kuzama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo linalowakera wachezaji wa gofu kuliko hata mpira kuzama bwawani: mwendo wa kobe uwanjani, na wenzi wa kucheza wanaowaharibia wengine siku nzima. Nimechagua kulisema gazetini kwa sababu kwenye klabu zetu, kuanzia Lugalo na Gymkhana ya Dar es Salaam hadi Arusha, Moshi na Morogoro, linanong'onwa baada ya mchezo na halisemwi panapotakiwa.

Kwanza tutazame saa. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika chache jioni na saa 1 kasoro, kutegemea mwezi. Kundi la mwisho likianza saa 8 mchana na raundi ikachukua saa nne, watu wanne hao wanamaliza shimo la 18, la mwisho, wakiwa bado wanauona mpira. Raundi ikichukua saa tano, mashimo mawili au matatu ya mwisho yanachezwa gizani, au hayachezwi kabisa. Kadi ya alama isiyokamilika inavuruga mashindano yote, na waliolipa kiingilio wanakwenda nyumbani bila matokeo.

Watu wengi wanamtupia lawama mchezaji dhaifu, na hapo wanamwonea. Mwaka 2013 kwenye Masters, mashindano makubwa ya gofu kule Augusta, Marekani, Guan Tianlang, kijana wa miaka 14 kutoka China aliyecheza vizuri kiasi cha kuwa mchezaji bora wa ridhaa wa mashindano hayo, aliongezewa mkwaju mmoja wa adhabu kwa uchelewaji. Mwaka 2018 kule Torrey Pines, Marekani, mchezaji wa kulipwa J.B. Holmes alisimama zaidi ya dakika nne kabla ya kupiga mkwaju mmoja kwenye shimo la mwisho, wenzake wakimsubiri. Hao wawili wanajua kupiga mpira. Na wapo wachezaji wa handikapu 28 (handikapu ni mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) wanaopiga mara 105 na kumaliza kwa saa tatu na dakika 50, kwa sababu wakifika kwenye mpira fimbo iko tayari mkononi.

Hesabu yake ni nyepesi. Watu wanne, kila mmoja akipiga mikwaju 90, ni mikwaju 360. Kila mkwaju ukiongezewa sekunde 10 tu za kuvaa glavu, kurudi kwenye begi kubadili fimbo, au kuyumbisha fimbo hewani mara ya tatu, zinapatikana sekunde 3,600. Hiyo ni saa nzima, na hakuna aliyehisi kwamba anachelewa. Tangu mwaka 2019 sheria za gofu zinashauri mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu anapokuwa huru kupiga bila kuzuiwa na mtu au kitu. Arobaini ni nyingi. Aliyejiandaa hutumia 20 na bado ana nafasi ya kuvuta pumzi.

Maandalizi hayo yafanyike wakati mwenzako anapiga. Tembea moja kwa moja hadi kwenye mpira wako badala ya kundi zima kuandamana kutoka mpira wa huyu hadi wa yule kama watu wa msibani. Ukiwa njiani, pima umbali, tazama upepo, zungumza na kedi, yule anayekubebea begi, amua fimbo. Mwenzako akimaliza, wewe unachukua hatua moja na kupiga. Katika mashindano ya kuhesabu mikwaju, aliye tayari anaweza kupiga kwanza hata kama si yeye aliye mbali zaidi na shimo, na hakuna adhabu, ilimradi hakuna anayehatarishwa. Ila mnapocheza mtu kwa mtu, shimo kwa shimo, msifanye hivyo bila kukubaliana, maana mpinzani ana haki ya kufuta mkwaju uliopigwa nje ya zamu na kukutaka urudie.

Mpira uliopotea ndio mwizi mkubwa wa muda. Sheria inatoa dakika tatu za kuutafuta, si tano kama zamani, na zinaanza kuhesabiwa pale wewe au kedi wako mnapoanza kutafuta. Kosa hufanyika mapema zaidi, pale kwenye tii, mahali pa kuanzia shimo. Mpira umeelekea kwenye majani marefu au umeonekana kama umetoka nje ya mipaka, na mchezaji anasema, "Tutauona tu." Hauonekani. Sasa anatakiwa kurudi mita 200 nyuma, apite mbele ya kundi linalosubiri, apige, arudi tena. Dakika nane zimekwenda. Dawa ni mpira wa akiba, yaani wa pili wa kuendelea nao kama wa kwanza hauonekani, unaopigwa kabla ya kuondoka pale. Tamka wazi, wenzako wasikie, kwamba huu ni wa akiba. Usiposema, mpira wa kwanza unahesabiwa umepotea hata ukiukuta katikati ya uwanja. Mpira ukipigwa, watu wote wanne na makedi wautazame mpaka unaposimama, na mmoja ashike alama, mti au kichuguu. Wengi hugeuka mara tu wanapoona mkwaju wa mwenzao ni mbaya, na hao hao ndio wanaokuja kuzunguka vichakani dakika tatu zijazo.

Kwa mashindano ya kawaida ya klabu, kamati inaweza pia kupitisha ile sheria ya ndani iliyoletwa mwaka 2019 inayomruhusu mchezaji aliyepoteza mpira kuangusha mwingine pembezoni mwa fewei, ile njia ya majani mafupi, kwa adhabu ya mikwaju miwili, bila kurudi nyuma. Haifai kwa mashindano ya juu, lakini kwa mchezo wa Jumamosi inaokoa jioni.

Kwenye grini, pale penye majani mafupi kabisa kuzunguka shimo, muda hupotea kwa mambo madogo. Begi liachwe upande wa kutokea, kuelekea tii inayofuata, si mbele ya grini. Mteremko usomwe wakati wengine wanasukuma mipira yao. Aliyebakiza mpira karibu na shimo amalizie pale pale kama hakanyagi njia ya mwenzake. Bendera inaweza kubaki shimoni, hakuna adhabu mpira ukiigonga. Alama ziandikwe kwenye tii inayofuata, kamwe si pale grini huku kundi la nyuma limeshika viuno mita 150.

Na kama mnacheza Stableford, mtindo wa kuhesabu pointi kwa kila shimo, jueni lini mpira unaokotwa. Mwenye handikapu 18 kwenye shimo la par 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, ana mkwaju mmoja wa nyongeza. Akimaliza kwa mikwaju sita anapata pointi moja, akimaliza kwa saba hapati kitu. Kwa hiyo akishapiga mara sita na mpira haujaingia, aokote. Kuendelea hapo kunawacheleweshea watu kwa ajili ya sifuri.

Niende kwa makapteni na kamati za klabu, maana kuna uchelewaji ambao mchezaji hana kosa nao. Kwenye shimo la par 4 kundi moja laweza kuwa grini na jingine liko kwenye tii linapiga. Kwenye par 3 haiwezekani; kundi la nyuma linasubiri mpaka la mbele litoke kabisa. Tuseme kundi linatumia dakika 10 kupiga, kutembea, kumaliza na kuondoka, na klabu inaanzisha makundi kila baada ya dakika nane ili kuingiza watu wengi. Kila kundi linaongeza dakika mbili kwenye foleni. Kundi la kumi linasubiri dakika 18 kwenye shimo moja, na hata wakiwa wepesi kama swala hawana la kufanya. Halafu anatumwa msimamizi kuwahimiza! Achieni dakika 10 kati ya kundi na kundi. Mtaingiza makundi sita kwa saa badala ya saba na nusu, lakini yote yatamaliza.

Foleni ikishatokea kwenye par 3, upo utaratibu wa zamani unaosahauliwa. Kundi la mbele likifika grini, waweke alama, waokote mipira, wasogee pembeni mahali salama, kisha wawapungie mkono walioko kwenye tii wapige. Wakati hao wanatembea kuja, wa mbele wanamaliza. Dakika za kutembea haziendi bure tena.

Kila klabu iandike pia ratiba ya muda kwenye kadi. Dakika 11 kwa par 3, 14 kwa par 4, 17 kwa par 5. Kwa uwanja wenye par 3 nne, par 4 kumi na par 5 nne, jumla ni dakika 252, yaani saa nne na dakika 12. Kundi likitoka shimo la 9 likiwa limetumia saa mbili na nusu, na mbele yake shimo zima liko wazi, halihitaji mtu wa kuliambia lina tatizo. Likishindwa kujirekebisha, sheria ipo: kuchelewesha mchezo bila sababu ni mkwaju mmoja, ukirudia ni miwili, mara ya tatu unaondolewa. Nchini Ufaransa mwaka 2023, kwenye mashindano makubwa ya wanawake ya Evian, Carlota Ciganda alipewa adhabu ya mikwaju miwili kwa uchelewaji, akasaini kadi bila kuandika adhabu hiyo, akaondolewa. Kwetu sheria hii inaogopwa kwa sababu anayechelewesha mara nyingi ni mheshimiwa, mdhamini au mzee wa klabu. Naelewa heshima zetu. Lakini watu 60 walioko nyuma yake nao wana heshima yao.

Mashindano ya makampuni nayo yanahitaji mtindo wake. Mgeni aliyeshika fimbo mara tatu maishani mwake asilazimishwe kuhesabu mikwaju yake yote. Mpeni mtindo wa timu: wote wanne wanapiga, wanachagua mpira uliokaa vizuri, wote wanapiga tena kutoka hapo. Anafurahi, na uwanja unatembea.

Sasa mwenzi msumbufu. Wa kwanza ni mwalimu asiyeitwa. Kila ukipiga, anakwambia bega lako limefunguka au umeinua kichwa. Kwenye mashindano jibu lake limo ndani ya sheria: kumpa mshindani ushauri wa namna ya kupiga, au wa fimbo ya kutumia, ni adhabu ya mikwaju miwili kwa anayetoa. Mwambie kwa upole, kwenye shimo la kwanza au la pili: "Kaka, nakushukuru, lakini leo tusipeane ushauri, utaadhibiwa bure." Wengi hunyamaza hapo hapo, tena bila kinyongo. Nje ya mashindano mwombe akueleze mkiwa mmekaa klabu.

Wa pili ana simu. Muafikiane kabla ya mkwaju wa kwanza kwamba simu zizimwe sauti, na mwenye dharura, kama mgonjwa hospitalini, aseme mapema ili asogee pembeni bila kuuliza. Wa tatu husimama nyuma ya mpira wako au kivuli chake kikakatisha njia ya grini. Huyu kwa kawaida hajui. Mwoneshe mahali pa kusimama, pembeni yako, mkitazamana, hatua tano au sita mbali. Usimwache mpaka shimo la 14, ukamlipukia kwa makosa ya mashimo 13. Wa nne hurusha fimbo na kutukana. Huyo msibishane naye uwanjani. Kaeni mbali naye kwa usalama, malizeni, kisha apelekewe kapteni, kwa maana kamati ina mamlaka ya kuweka kanuni za mwenendo zenye adhabu ya mikwaju.

Kuhusu mchelewaji mwenyewe, maneno yawe ya kundi zima. "Tumeachwa shimo zima, twendeni tuwakute" humsogeza mtu. "Wewe mzito" humfanya azidi kukaza misuli, apige vibaya, muda uongezeke. Na kundi la nyuma likiwa jepesi na mbele yenu kuna nafasi, lipisheni. Wote wanne simameni pembeni, pungeni mkono, msipige mpaka watakapokuwa wamefika mbali kuliko mkwaju wenu mrefu unavyoweza kwenda. Aliye nyuma naye asiwapigie mpira watu miguuni kuwaamsha. Mpira wa gofu unapasua fuvu.

La mwisho ni la makedi. Kedi anabeba begi zito juani kwa saa nne, tano, sita, kwa malipo ya raundi moja ile ile. Anaona mteja wake anachelewesha uwanja mzima na hawezi kusema, kwa sababu riziki yake imo mkononi mwa mtu huyo. Kisha msimamizi anakuja na kumfokea yeye. Naomba makapteni wabadili hili kuanzia mashindano yajayo: onyo apewe mchezaji, kwa jina, mbele ya kundi lake. Na kila asubuhi wa zamu ya kuanzisha makundi atangaze mbele ya wote kwamba kedi ana ruhusa ya klabu kumwambia mchezaji wake, "Bosi, zamu yako, uko tayari?" na hatapunguziwa hata shilingi kwa kulisema.

Mpenda gofu,
Dar es Salaam