Majaji wa midahalo ya sekondari wapime majibu, si lafudhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie midahalo ya shule za sekondari, ambayo nimekuwa mlezi wake kwa miaka mingi na jaji wake mara kadhaa. Shauri langu ni moja: tunawapa ushindi wanafunzi wanaokariri vizuri, na tunawanyima wale wanaosikiliza na kujibu, ilhali mdahalo bila kujibu ni hotuba mbili tu zilizopishana njiani.

Muhula uliopita niliketi kwenye meza ya majaji katika mashindano ya shule kadhaa za wilaya moja. Mada ilikuwa ile iliyozoeleka, kwamba shule za bweni ni bora kuliko shule za kutwa. Msemaji wa kwanza wa upande wa kutetea mada, kijana nadhifu mwenye tai iliyokaa sawasawa, alimsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, majaji, walimu na wanafunzi wenzake, kila mmoja kwa cheo chake, hadi karibu dakika nzima kati ya tano alizopewa ikawa imekwisha. Kisha akatoa hoja tatu kwa Kiingereza kinachoteleza: muda wa kusoma, nidhamu na usalama. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Baadaye akasimama msemaji wa pili wa upinzani, binti wa kidato cha tatu. Alikuwa na karatasi aliyoiandaa, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akauliza: mwenzangu amesema mwanafunzi wa bweni ana muda mwingi wa kusoma, je, muda huo umetoka wapi? Akajibu mwenyewe kwamba umetoka kwenye kuchota maji, kupika na kutembea kilomita nyingi kwenda na kurudi, na kwamba shule ya kutwa iliyo karibu na makazi, yenye chakula cha mchana na vipindi vya kujisomea hadi saa kumi na moja jioni, ingempa mtoto sehemu kubwa ya muda huo bila kumtenga na wazazi wake. Kwa hiyo, akasema, kinachosifiwa hapa ni muda, si bweni. Kiingereza chake kilichechemea. Alichanganya nyakati mara mbili, na neno moja lilipomponyoka alilitaja kwa Kiswahili, mwenyekiti akamkemea hapo hapo.

Kijana yule alipata alama 84 na kutangazwa msemaji bora. Binti alipata 51. Karatasi ya alama tuliyopewa ilitenga alama 30 za lugha, 20 za kujiamini, 10 za mavazi na salamu, 10 za kutunza muda na 30 za hoja. Hizo 30 za hoja nazo, jaji mwenzangu alinieleza kwa nia njema kabisa, hugawiwa kwa kuhesabu: hoja tatu, kumi kumi, binti ana moja, basi kumi. Katika karatasi nzima hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu huyu ameibomoa hoja ya mpinzani wake mbele ya macho yetu. Nakiri kuwa nami niliitia saini.

Siwalaumu majaji wenzangu, kwa kuwa wengi wetu huitwa asubuhi ya siku yenyewe, hukabidhiwa karatasi na kalamu, na hatuelekezwi lolote zaidi ya kutopendelea shule zetu. Lakini mwongozo si kitu cha kubuni upya. Mashindano ya dunia ya midahalo kwa shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1988 nchini Australia, yana utaratibu unaojulikana. Kila upande una wasemaji watatu wa dakika 8, kisha hotuba fupi ya majumuisho ya dakika 4. Alama 40 ni za yaliyomo, 40 za uwasilishaji na 20 za mkakati. Baada ya dakika ya kwanza na kabla ya dakika ya mwisho, mpinzani anaruhusiwa kusimama na kuomba kutoa taarifa, kama wabunge wetu wafanyavyo, na msemaji asiyekubali taarifa hata moja huonekana kuwa anaogopa kuulizwa.

Kinachonivutia zaidi katika utaratibu huo ni namna majibu yanavyopimwa mara mbili. Uzito wa jibu lenyewe huhesabiwa katika yaliyomo, na uwezo wa kutambua ni jambo gani hasa linalostahili kujibiwa huhesabiwa katika mkakati. Mwanafunzi anaweza kugusa kiini cha ubishi kwa jibu dhaifu, akapoteza alama huku na kupata kule. Na anaweza kumaliza dakika zake akijibu kwa ustadi mkubwa jambo dogo ambalo hata mpinzani wake alikuwa amelisahau. Jaji wa namna hiyo anaandika tangu mwanzo hadi mwisho: huyu amesema hili, yule amelijibu hivi, lile limeachwa bila kuguswa. Jaji asiyeandika hubaki na kumbukumbu ya sauti na makofi, na makofi ni ya shule mwenyeji.

Mada zetu zenyewe, kwa sehemu kubwa, ni za "bora kuliko": elimu na pesa, mjini na kijijini, bweni na kutwa. Mada ya aina hii haiwezi kuamuliwa bila kipimo. Bora kwa nani? Kwa mzazi anayelipa, kwa mtoto wa darasa la kwanza, au kwa serikali inayojenga? Upande unaoanza kwa kuweka kipimo na kueleza kwa nini ni cha haki unastahili kutazamwa kwa jicho la pekee, kwa sababu umemfanyia jaji nusu ya kazi yake. Katika mdahalo ninaousimulia, binti yule peke yake ndiye aliyekaribia kufanya hivyo.

Najua nitajibiwa kwamba midahalo hii ipo ili wanafunzi wajizoeze Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia sekondari. Sikatai. Lugha ipewe alama zake, ila jaji apime kama msemaji ameeleweka, asipime kama anatamka kama mtangazaji wa redio ya Uingereza. Hata katika mashindano hayo ya dunia, ambako vijana wengi wanazungumza lugha isiyo ya nyumbani kwao, lafudhi ya mtu si kosa. Tena sisi wenyewe tuna mila ya kale ya kushindana kwa kujibizana. Katika malumbano ya washairi, mtu akitupiwa swali hujibu swali lile lile, mara nyingi kwa vina vile vile, na akikwepa wasomaji humjua mara moja, hata shairi lake liwe tamu namna gani. Wasomaji wa gazeti hili waliokulia kwenye kurasa za mashairi wananielewa.

Kwa hiyo naomba walimu na maafisa elimu wanaoandaa mashindano haya wafanye mambo mawili kabla ya muhula ujao. Kwanza, angalau alama 30 kati ya 100 zitengwe kwa ajili ya kujibu hoja za upande wa pili, na zile za mavazi zifutwe kabisa, kwani sare ya shule ni kazi ya mwalimu wa zamu. Pili, jaji mmoja asimame kabla ya zawadi kutolewa, aeleze kwa dakika tano ni hoja ipi iliyoamua mdahalo na kwa nini. Siku ile hakuna aliyesimama. Binti alinifuata nje ya ukumbi, karatasi yake bado imekunjwa mkononi, akaniuliza, "Shikamoo mwalimu, nilikosea wapi?" Nilimwambia ajitahidi kwenye Kiingereza, na jibu hilo limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro