Mamba si kenge aliyenenepa: barua kwa mpwa wangu

Mpwa wangu mpendwa,

Juzi pale Buruburu, tukinywa chai kwa mama yako, ulisema mamba ni kenge aliyenenepa tu. Sikutaka kubishana mbele ya wageni. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wengi wanaamini hivyo.

Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Waliwatenganisha, na biolojia inawatenganisha zaidi. Ndugu wa karibu wa mamba walio hai leo ni ndege. Kuku anayechakura uani kwenu ana udugu naye kuliko kenge, ingawa babu yao aliishi takriban miaka milioni 250 iliyopita. Moyo wa mamba una vyumba vinne, kama wa kuku.

Linalonigusa hasa ni malezi. Mamba wa Nile, huyu wetu wa Tana na Turkana, hufukia mayai mchangani, kisha hukaa karibu nayo kwa miezi kama mitatu, akila kwa nadra. Na mwizi mkubwa wa mayai hayo ni nani? Kenge! Mama akiingia majini kupoza mwili, yeye anachimba. Watoto wakikaribia kuanguliwa huita wangali ndani ya yai. Mama husikia, hufukua, kisha huwabeba kinywani hadi majini, kwa meno yaleyale yanayokamata nyumbu kule Mara. Yai likichelewa, hulibana taratibu kinywani mpaka lipasuke.

Sikatai kwamba anaua watu. Wanaochota maji mtoni Tana wanalijua hilo kwa uchungu. Lakini Wamisri wa kale, walioishi naye kando ya Nile, walimpa mungu wao Sobek kichwa cha mamba. Sisi tumembakizia machozi ya uongo tu, na inaniuma.

Jinsia nayo huamuliwa na joto la kiota. Mwaka 1982, Ferguson na Joanen walionyesha kwamba mayai ya aligeta wa Marekani, jamaa wa mamba, yakikaa kwenye nyuzi 30 hutoa majike, na kwenye nyuzi 34 madume. Dunia inavyozidi kupata joto, nawahofia.

Jumapili twende Bustani ya Nyoka, pale Makumbusho. Uje na watoto. Mtazame mamba akiwa amefumba mdomo: jino la nne la taya la chini hubaki nje. La aligeta hufichika.

Mjomba wako